Usiache Mbachao: Somo Kuhusu Skana Kuukuu na Kompyuta za Kisasa

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeichambua darasani mara nyingi, lakini mimi nilikuja kuielewa mwaka jana, tena si kwa mkeka bali kwa skana. Skana ni ile mashine bapa yenye kioo ambayo juu yake hulazwa karatasi, ikapigwa picha na kuingizwa katika kompyuta. Katika somo hili nitaeleza kwa nini skana nzima hukataliwa na kompyuta mpya, na jinsi ya kuzipatanisha hizo mbili.

CHANZO CHA KISA

Nyanya yangu anaishi upande wa Njoro. Ana sanduku la bati, na ndani yake mna cheti cha hisa ambacho babu alikipata miaka ya sabini kutoka kwa kampuni ya kununua mashamba. Wenyeji wa Nakuru wanazijua kampuni hizo. Baada ya uhuru, watu wasioweza kununua shamba la mzungu peke yao walichanga pesa, wakanunua kwa pamoja, kisha wakagawana. Ndeffo na Ngwataniro ni miongoni mwa zilizovuma hapa kwetu. Kwa familia nyingi, cheti cha hisa na risiti zake ndio ushahidi wa kwanza kwamba shamba ni lao.

Mapema mwaka wa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba nyingi za Bonde la Ufa zilichomwa, na karatasi zilizokuwamo zikateketea. Nyanya alikimbia na sanduku lake mgongoni. Sufuria aliziacha.

Babu alipofariki, mambo ya mirathi yakaanza, na cheti kikawa kinatolewa na kukunjuliwa kila mara. Kwenye mikunjo karatasi ilikuwa imeanza kuachana. Kila ikifunguliwa, inaacha unga mezani. Siku moja nyanya akaniuliza:

"Wewe unayesoma kompyuta huko shule, hakuna mashine ya kutoa kopi ya hii bila kuipasua?"

"Iko, nyanya," nikajibu haraka haraka. Kumbe nilijitia kitanzi.

Shuleni skana ilikuwako, lakini ilikuwa stoo, imefunikwa na magunia, na juu yake mtu amebandika karatasi: IMEKUFA. Mwalimu wetu wa kompyuta aliniambia, "Ukiweza kuifufua, itumie." Nikaiunganisha na kompyuta mpya ya maabara. Kompyuta ikagoma kata kata, kana kwamba hakuna kitu kilichochomekwa.

Jumamosi nikaibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na Kenyatta Avenue. Aliiwasha, akainamisha sikio.

"Unaona taa? Unasikia mota?" akaniuliza.

"Naona. Nasikia."

"Sasa imekufaje na inapumua? Kijana, hii kitu ni nzima. Imekosa tu mtu wa kuitafsiria."

KWA NINI KOMPYUTA HUIKATAA

Skana na kompyuta hazizungumzi lugha moja. Katikati yao lazima pawe na mkalimani, nayo ni programu ndogo iitwayo kiendeshi. Kila aina ya skana ina kiendeshi chake, na mwenye kukitunga huwa ni kampuni iliyoiunda. Kampuni ikishaacha kuuza aina hiyo, haioni faida ya kutunga kiendeshi kipya kila Windows inapobadilika. Hapo ndipo mashine nzima huitwa maiti.

Shida kubwa ni hii ya biti. Kompyuta za zamani zilitumia Windows ya biti 32. Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, ni ya biti 64 peke yake. Programu nyingi za kawaida za biti 32 bado hufanya kazi ndani yake, lakini kiendeshi cha biti 32 hakikubaliwi, maana kiendeshi huingia kwenye kiini cha mfumo. Ndiyo sababu mtu huweka CD ya skana, programu ikafunguka vizuri, halafu akaambiwa hakuna skana. Hajakosea popote. Mkalimani ndiye aliyezuiwa mlangoni.

HATUA ZA KUIFUFUA

Fundi alinifundisha kwenda kwa utaratibu, nami nawapasheni hivyo hivyo.

1. Tazama kufuli. Skana nyingi za zamani zina kitufe upande wa chini, chenye picha ya kufuli, cha kuzuia kichwa kisitikisike safarini. Kikiwa kimefungwa, mashine itakwaruza na kukataa kusonga. Kifungue kwanza, kabla hujalaumu mtu.

2. Jaribu tundu lingine na waya mwingine. Matundu ya USB yenye rangi ya buluu ndani ni ya kasi mpya, na baadhi ya skana kuukuu hazielewani nayo. Chomeka kwenye tundu jeusi au jeupe. Kama skana yako ni ya kabla ya USB kuenea, yaani ile yenye plagi pana ya pini nyingi, ni rahisi zaidi kuitafutia kompyuta ya rika lake.

3. Tafuta mkalimani mwingine. Kuna mradi wa bure uitwao SANE, ulioanza miaka ya tisini, ambamo watu wa nchi mbalimbali wametunga viendeshi vya skana nyingi sana kwa ajili ya mfumo wa Linux. Angalia kwanza kama jina la skana yako limo katika orodha yao. Si lazima ufute Windows. Unaweza kuweka Linux kwenye flashi, ukaiwasha kompyuta kutoka humo, ukafanya kazi yako, kisha ukaichomoa. Usitupe CD ya asili, kwa sababu skana nyingine huhitaji faili moja iliyomo humo. Kwa wenye pesa, ipo programu ya kununua iitwayo VueScan, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1998. Inakuja na viendeshi vyake yenyewe na inatambua maelfu ya skana, hata kwenye Windows mpya.

4. La mwisho, weka kompyuta moja ya zamani iwe ya skana peke yake. Lakini usiiunganishe na intaneti. Windows 10 yenyewe ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, seuze zile zilizoitangulia. Hamisha picha kwa flashi, na flashi hiyo uikague virusi.

Kwetu, hatua ya tatu ndiyo iliyofaulu. Skana ilinguruma, taa ikatembea, na picha ikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta. Nilipiga kelele hadi mtunza maktaba akaja kuniuliza kama nimeumwa na nyuki.

KUITUNZA IKISHAFUFUKA

Inasemekana jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Nani atabisha? Vumbi hilo ndilo adui wa skana. Ifunike isipotumika. Kioo ukipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, wala usimwagie maji juu yake, yatapenya chini. Kama ina taa ya mrija, iache ipate joto kwanza ndipo uanze kazi.

Karatasi kuukuu usiipitishe kwenye mashine inayovuta karatasi kwa magurudumu, itararuka. Ilaze kwenye kioo. Kwa maandishi ya kawaida, nukta 300 kwa kila inchi zinatosha. Karatasi ya A4 kwa kiwango hicho huwa na nukta zipatazo milioni 8.7. Ukipandisha hadi 600, nukta huongezeka mara nne, na faili nayo hunenepa. Tumia 600 penye muhuri hafifu au maandishi yaliyofifia.

Wengine mtauliza: si simu inatosha? Kwa noti za darasani, inatosha. Lakini simu huleta kivuli cha mkono, na karatasi iliyokunjamana huonekana imepinda. Kioo cha skana huilaza sawasawa, na mwanga huwa mmoja kote.

TULICHOKIONA

Nyanya alikuja mwenyewe na sanduku lake, kwani hakukubali cheti kisafiri bila yeye. Tulikilaza kipande kwa kipande kwa nukta 600. Nilipoikuza picha, nikaona kwamba tarakimu iliyokuwa juu ya mkunjo, ambayo sote tulikuwa tukiisoma 3, ilikuwa 8. Nusu yake ilikuwa imelika. Nyanya alinyamaza kitambo. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiandika nambari ya mtu mwingine kwenye fomu zetu.

Tulihifadhi nakala mahali patatu: flashi ya nyanya, simu ya mjomba na barua pepe yangu. Nakala si hati yenyewe, na wakili bado ataomba kuona cheti cha asili. Lakini sasa hakifunguliwi ovyo. Nyanya alikirudisha sandukuni akasema, "Haya, na wewe upumzike." Sikujua kama alikuwa akiambia karatasi au mimi.

Tangu siku hiyo, ile karatasi ya IMEKUFA tumeibandua. Wanafunzi watano wameshaleta vyeti vya nyumbani kwao.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kwa nini programu ya skana inaweza kufunguka kwenye Windows 11 na bado skana isionekane?
(b) Eleza sababu mbili za kutoiunganisha skana kuukuu na tundu lolote tu unaloliona.
(c) Nyumbani kwenu kuna karatasi gani ambayo ikipotea leo haitapatikana tena? Nani anajua ilipo?

Swali la mwisho sitalisahihisha mimi. Ulizeni wazee wenu mkifunga shule. Kwaherini.