Geuza Uyoga Uutazame Chini

Msimu wangu wa kwanza kununua miti ya kupasua Mufindi, nilionyeshwa mipaina iliyonyooka. Michache ilikuwa na uyoga mgumu kama rafu, umejishika kwenye shina karibu na udongo. Nikalipa. Dingdong, mashine ya kupasulia mbao, ilipopasua gogo la tatu, katikati pakamwagika vipande vya kahawia, kama biskuti iliyokanyagwa.

1. Rafu ile ni tunda tu. Kuvu yenyewe imo ndani ya mti, nyuzi nyembamba zinazokula mbao pengine kwa miaka kabla tunda halijachomoza. Kuikwangua kwa panga ni kuchuma embe ukidhani umeng'oa mwembe.

2. Mgongo wa uyoga hudanganya. Mvua, vumbi na umri huubadilisha rangi, kwa hiyo piga goti utazame chini. Fundi mmoja aliniambia uyoga wangu ni Ganoderma. Niliifahamu Ganoderma baadaye, kwenye kisiki upande wa Rungwe: chini nyeupe kama karatasi, vitundu vidogo mno, na nilipokwaruza kwa ukucha mstari ukawa kahawia palepale. Nikaandika herufi za jina langu, zikabaki.

3. Mbao ndiyo shahidi. Ganoderma hula hata lignini, gundi ya mbao, na mbao hubaki nyeupe, laini, ya nyuzinyuzi. Yangu ilikuwa kahawia, imepasukapasuka vipande vya pembe nne: kazi ya kuvu inayokula selulosi na kuacha lignini. Fundi alikosea, nami nilikuwa na ushahidi mikononi nisijue kuusoma.

4. Si kila uyoga ni msiba. Ule wa rangi ya chungwa kali, Pycnoporus sanguineus, uliwahi kuninyima usingizi bure; kwa kawaida huota kwenye magogo na visiki vilivyokwisha kufa.

5. Ukishapasua, kausha. Mbao ikishuka chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu haianzi kuila. Rundo langu nililolilaza juu ya udongo mbichi liliota Gloeophyllum, kahawia ya kutu, chini yake ikiwa na vikuta vyembamba kama kurasa za kitabu.

6. Shangazi aliuliza kama uyoga huu wa rafu unaliwa, maana masika barabara ya Iringa imejaa wauza uyoga. Nikampa auminye. "Mwanangu, hii ni soli ya kiatu," akasema, akanirudishia.

Siku hizi nalala kifudifudi chini ya kila mti ninaouziwa, lenzi jichoni. Wauzaji hucheka. Mmoja alipoona nimegeuza uyoga wa pili, alishusha bei kabla sijainuka.