Debian mbili kwenye kompyuta moja: thabiti kwa kazi, sid kwa majaribio

Kazi zangu zote nazifanya kwenye Debian thabiti. Kwenye kompyuta hiyohiyo ninayo pia sid, tawi ambalo wasanidi hupakia vifurushi vipya kwanza. Kifurushi kisicho na kasoro kubwa huhamia testing, tawi linaloandaa toleo thabiti lijalo, baada ya siku chache tu, kwa kawaida 2 hadi 10. Kasoro kubwa ikiripotiwa ndani ya siku hizo, huenda isimfikie mwalimu au mhasibu atakayetumia toleo thabiti lijalo. Ndiyo maana najisumbua.

Kanuni yangu: toleo thabiti ndilo mwenye nyumba, sid ni mpangaji.

1. Gawa diski

Weka bakapu ya mafaili yako kwanza. Kisha tenga patisheni ya EFI, GB 40 kwa kila mfumo, na nafasi iliyobaki iwe ya data. Usishirikishe /home. Firefox ya zamani hukataa profaili iliyokwisha kufunguliwa na Firefox mpya, na programu nyingine zina tabia hiyo. Nyaraka na picha ndizo zikae kwenye data. Mtumiaji wa kwanza wa Debian hupewa namba 1000, kwa hiyo umiliki wa mafaili utalingana pande zote mbili.

2. Sakinisha sid kwanza

Sakinisha Debian 13 (trixie), kisha kwenye vyanzo vya apt andika sid badala ya trixie na uondoe mistari ya security na updates. Endesha:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Ongeza apt-listbugs, ikuonye kuhusu kasoro nzito kabla kifurushi hakijaingia. Kisha zuia kipakiaji cha sid, GRUB, kisijiboreshe:

sudo apt-mark hold grub-efi-amd64 grub-efi-amd64-signed shim-signed

3. Malizia na toleo thabiti

Sasa sakinisha toleo thabiti kwenye patisheni yake. Mifumo yote miwili huandika kipakiaji chake kwenye folda moja, EFI/debian, na wa mwisho ndio unaoshika menyu. Ukishaingia toleo thabiti, hakikisha os-prober ipo, weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, kisha endesha sudo update-grub. Rudia amri hiyo, ukiwa ndani ya toleo thabiti, kila sid inapopata keneli mpya.

4. Zima kabisa kabla ya kuhama

Usiuache mfumo mmoja kwenye haibanesheni ukafungua mwingine. Patisheni ya data ambayo mifumo yote miwili inadhani imeishika inaweza kuharibika.

5. Ripoti

Ukikutana na kasoro kwenye sid, washa toleo thabiti na urudie hatua zilezile. Upande mmoja ukifanya kazi na mwingine ukigoma, kwenye mashine ileile, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni programu, si kifaa. Liandike hilo kwenye reportbug, pamoja na namba za matoleo yote mawili. Msanidi atajua pa kuanzia kutafuta.