Pengo la Magego

Swali: Nimeng'olewa magego mawili ya chini; la mwisho limebaki. Kwa kuwa pengo halionekani nikicheka, kuna haja gani ya kuweka meno ya bandia?

Jibu: Haja ipo, tena si ya urembo. Pengo likikaa muda mrefu, gego lililobaki nyuma huinamia mbele, na la juu lililokosa mwenzake hushuka taratibu, hata kutafuna kukawa taabu. Utasema meno ya kuvaa na kuvua huchubua fizi. Ni kweli, hasa wiki za mwanzo, lakini daktari huyapunguza pale yanapogusa vibaya (usiyakwangue mwenyewe kwa kisu). Mfupa wa taya huendelea kupungua hata ukiyavaa, kwa hiyo yatahitaji kurekebishwa baadaye. Kidonda cha kung'olewa kikipona, nenda ukapimwe meno hayo. Usiku yavue, yasugue, uyaloweke kwenye maji safi.