Mizeituni itazaa Bujumbura?

SWALI: Kikundi chetu cha ushirika hapa Mutanga Nord kinatafuta zao jipya. Zeituni za chupa ni ghali dukani. Tukipanda mizeituni, tutavuna na kusindika wenyewe?

JIBU: Mti utaota, tena utapendeza uani. Mashaka ni matunda. Mzeituni hutaka majira ya baridi ndipo utoe maua ya kutosha, na joto la kando ya Ziwa Tanganyika halina likizo. Hata mzeituni mwitu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki huzaa vijitunda ambavyo ni kokwa zaidi ya nyama.

Cha kuiga ni usindikaji. Zeituni bichi ni chungu kupita kiasi. Wahispania huloweka zile za kijani kwenye soda kali kwa saa kadhaa, wakazisuuza, kisha wakazitia katika maji ya chumvi. Ugiriki wengi hutegemea chumvi peke yake na kusubiri miezi. Ndani ya maji ya chumvi bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi huzuia uozo. Ushirika hufaa hapo: mkulima mmoja hamudu mapipa, vipimo na miezi ya kungoja malipo.

Soda kali iacheni, huunguza ngozi na macho. Badala ya zeituni, anzeni na maembe mabichi kwa njia hiyo ya chumvi: gramu 80 hadi 100 za chumvi kwa lita ya maji, matunda yazame kabisa. Nunueni karatasi za kupimia pH ya maji hayo; ikizidi 4.6, asidi haitoshi, msiuze.