Somo: Kigari cha Austin na Watu Wanaokifufua

Katika somo la safari hii tutavuka bahari mpaka Uingereza, halafu turudi kwenye kazi za vikundi vyetu. Tutaangalia kigari cha watoto kinachoitwa Austin J40, na watu ambao leo wanakifufua kwa kushirikiana. Msicheke mkasema hiyo ni michezo ya matajiri. Ngojeni kwanza msikie kilitengenezwa na nani.

Wazee wetu wengi wanayakumbuka magari ya Austin, maana yalikuwa yakionekana sana katika barabara za Kenya zamani za ukoloni. Kampuni yenyewe ilikuwa Longbridge, karibu na Birmingham. Baada ya Vita Vikuu vya Pili iliamua kutengeneza kigari kinachofanana na gari lake kubwa la A40, mtoto aketi ndani akanyage pedeli. Hawakufanya mzaha. Boneti inafunguka, na ndani kuna injini ya bandia yenye plagi. Buti nayo inafunguka. Taa za mbele zinawaka kwa betri, honi inalia, tairi ni za kujazwa upepo, na rangi ilipigwa kama ilivyopigwa kwenye gari la mtu mzima. Pedeli hazizunguki kama za baisikeli. Zinasukumwa mbele na nyuma, na vyuma viwili virefu vinavuta ekseli ya nyuma iliyopindwa, basi kigari kinaenda.

Sasa tuwaangalie mafundi. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1949 huko Bargoed, katika mabonde ya Wales ya Kusini. Kazi kubwa ya mabonde hayo ilikuwa kuchimba makaa ya mawe. Vumbi la makaa likiingia mapafuni miaka mingi halitoki tena. Mapafu yanakuwa magumu, pumzi inakuwa fupi, na mtu akipanda kilima kidogo anasimama mara tatu. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Mpango wa fidia wa mwaka 1943 uliwapa wagonjwa malipo, lakini ulisema pia kwamba aliyethibitishwa na madaktari kuwa nao aache kazi ya mgodi. Mwanamume wa miaka 40, mwenye watoto, asiyejua kazi nyingine, aende wapi?

Kiwanda cha Bargoed kilijengwa kwa msaada wa serikali ili kuajiri watu hao hao. Hakikuwekwa kwa ajili ya faida. Kule Longbridge, baada ya kukata mabodi ya magari makubwa, vilibaki vipande vingi vya bati la chuma. Vipande hivyo ndivyo vilivyopelekwa Wales vikawa vigari. Angalieni hapo: mabaki ya kiwanda kimoja, na watu ambao mgodi uliwatupa, wakatoa kitu ambacho kila mtoto alikitamani. Mpaka kazi ilipokoma mwaka 1971, vilikuwa vimetengenezwa vigari 32,098. Baadaye kiwanda kiliendelea na vipuri vya magari ya kawaida mpaka kikafungwa 1999.

Vigari vingi viliuzwa nchi za nje, na vingine vilifungwa kwenye mabembea ya kuzunguka katika maonyesho, vikapanda watoto mchana kutwa miaka nenda miaka rudi. Vingine vilisahauliwa nyuma ya nyumba, maji yakasimama sakafuni na kutu ikala kutoka chini kwenda juu. Leo mtu akikipata kimoja, mara nyingi amepata bodi lenye matundu, hakina taa wala bampa, na pedeli moja haipo. Dukani hakuna vipuri vya zamani. Hapo ndipo ushirikiano ulipoanza. Yuko anayejua kuchomelea bati jembamba bila kulipinda, mwingine ana mashine ya kuchonga chuma, na mwingine hana ufundi lakini ana kigari kizima kisichoguswa na kutu, naye anakubali kipimwe.

Huyu wa mwisho ndiye tunayemsifu kuliko wote. Bila kitu cha kupimia, kila fundi angetengeneza anachokumbuka, na kumbukumbu za watu kumi ni vigari kumi. Tena vigari vya miaka ya kwanza havifanani kabisa na vya miaka ya mwisho, kwa hiyo kabla ya kukata chuma lazima wakubaliane wanafuata cha mwaka gani.

Kuna jambo ambalo mafundi wetu wa jua kali wanaoyeyusha alumini na kumwaga sufuria kwenye mchanga wanalijua vizuri. Alumini ikipoa inajikunja. Kwa kila mita moja inapungua kama milimita 13. Ukichukua kipande cha asili chenye urefu wa milimita 300, ukakiweka mchangani na kumwaga alumini, utakachotoa kitakuwa kifupi kwa karibu milimita 4. Kwa macho huoni. Sasa jirani akiazima hicho chako akatengenezea chake, amepoteza milimita 4 nyingine. Wa tatu akiazima kwa jirani, matundu ya skurubu hayakutani tena na bodi, na kila mtu anamlaumu mwenzake. Dawa yake ni mbili. Kielelezo kichongwe kwa mbao kikiwa kikubwa kidogo kuliko kinachotakiwa, na kila anayetaka nakala arudi kwenye kielelezo hicho, asinakili nakala. Kielelezo kiwekwe kwa mtu mmoja anayejulikana, na kila anayekichukua aandikwe. Kwa kikundi kinachotengeneza jiko, fremu ya mzinga au kalibu ya matofali, mambo ni yale yale.

Tuje kwenye pesa. Vitu vya mpira, au bati linalokandamizwa kwa mashine, vinahitaji kalibu, na kalibu ni ghali hata kama unataka kipande kimoja tu. Tuseme, kwa mfano, kalibu ni shilingi 60,000 na kila kipande kinachotoka ni shilingi 500. Mtu mmoja akiagiza peke yake atalipa 60,500, na hakuna mtu mwenye akili atakayefanya hivyo kwa kigari cha mtoto. Wakiwa 30, kila mmoja anatoa 2,000 za kalibu na 500 za kipande, yaani 2,500. Ndiyo maana wapenzi wa vitu vya zamani huhesabiana kwanza, halafu wanaagiza kwa pamoja. Lakini kuna swali ambalo vikundi vingi vinaliacha mpaka ugomvi uingie: kalibu ni ya nani baada ya wale 30 kupata vipande vyao? Wa 31 akija mwakani, atalipa 500 tu au atachangia kalibu pia? Sisi tunaona achangie, na pesa hizo ziingie kwa mweka hazina, zitengeneze kalibu inayofuata. Vinginevyo watu watajifunza kungoja wengine watangulie. Tena pesa zikusanywe kabla ya kuagiza. Mtu aliyesema "niandikeni" na hajatoa hata senti bado si mmoja wa wale 30.

Kuna hatari moja ambayo hatuwezi kuipita haraka. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Rangi ikiwa imetulia kwenye chuma haina shida sana. Ukianza kuikwangua kwa msasa mkavu, au kuichoma kwa moto ili ivimbe na kubanduka, umeifanya kuwa vumbi na moshi. Risasi ikiingia mwilini hudhuru ubongo, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, maana wanatambaa sakafuni na kutia mikono kinywani. Na hapa fikirini kidogo. Kigari hiki kilitengenezwa na watu ambao vumbi liliwaharibia mapafu. Sasa baba au babu akikikwangulia ndani ya nyumba ili amfurahishe mjukuu, anamletea mtoto yule yule vumbi lingine!

Kwa hiyo wanaojua hutumia msasa wa maji, rangi ikiwa imelowa, au dawa ya kubandua rangi, wakifanyia kazi mahali penye hewa. Huvaa kifaa cha kufunika pua na mdomo kilichotengenezwa kwa ajili ya vumbi. Kitambaa cha mkononi hakitoshi. Watoto hukaa mbali, mabaki hukusanywa yakiwa bado na maji, na nguo za kazi hufuliwa peke yake. Kupuliza kwa mchanga mkavu kuna hatari yake pia, kwa sababu vumbi la mchanga hukausha mapafu kama lile la mgodi. Vijana wetu wanaochonga mawe machimboni nao wasikie hayo. Wanapumua vumbi la namna hiyo kila siku, na wengi hawajafunika hata pua.

Jambo la mwisho ni la ubishi. Wako wanaotaka kigari kibaki cha kukanyaga, na wako wanaotaka kufunga mota ndogo ya umeme. Wa kwanza wanasema ukitoboa bodi la zamani umeliharibu. Wa pili wanajibu kwamba mtoto wa leo atalikanyaga dakika tano na kuliacha. Tunawaelewa wote. Lakini breki na ekseli za kigari hiki zilipimwa kwa nguvu za miguu ya mtoto. Anayefunga mota afunge kwa bolti, juu ya bati linaloweza kutolewa, asichomelee kwenye vyuma vya asili. Fyuzi iwe karibu na betri, swichi ya kuzima iwe mahali ambapo mtu mzima akitembea kando anaifikia, na mwendo usizidi wa mtu anayetembea. Hata hivyo wa pedeli hawajashindwa. Tangu mwaka 2012, kule Goodwood kusini mwa Uingereza, watoto hushindana kwa vigari hivi hivi kuwania Kombe la Settrington. Wanaanza kwa kukimbia kwa miguu mpaka kwenye kigari, wanaruka ndani, halafu wanakanyaga mpaka jasho liwatoke. Hakuna mota hapo.

Mkikutana tena, mwenyekiti achague kitu kimoja ambacho kikundi chenu hukitengeneza. Leteni vitano vilivyotengenezwa na watu tofauti, mvipime kwa futi moja mbele ya wote, mweka hazina aandike tofauti alizoziona. Halafu jadilianeni: kielelezo chetu kiko wapi na nani anakitunza? Kazi yetu inatoa vumbi gani au moshi gani, na nani anaupumua? Na kati yetu, nani ameachishwa kazi kwa ugonjwa au umri, ambaye mikono yake bado inaweza kufanya kazi akiwa ameketi?