Jumatano: Wodi ya Watoto Wenye Saratani

Soma Marko 5:35-43. Yesu aliwatoa akina nani nyumbani kwa Yairo, na ni nani aliowaruhusu kubaki?

Nyumba ilikuwa imejaa watu na kelele. Yesu akawatoa wote nje, akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu, akamshika binti mkono. Binti alipoinuka, aliagiza mambo mawili: habari ile isitangazwe, na mtoto apewe chakula. Ingefaa kila idara ya kanisa isome fungu hili kabla ya kupanga safari ya kuwafariji watoto wenye saratani.

Safari hizo ni njema. Mtoto aliyelazwa Muhimbili, Bugando au KCMC yuko mbali na shule na wenzake, na saratani ya damu inayowapata watoto wengi hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Mdoli, wimbo, au saa moja ya kuchora picha humrudishia utoto wake. Lakini dawa zinazoua saratani hupunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga ya mwili. Mafua madogo ya mgeni yaweza kuhatarisha maisha ya mtoto huyo. Kwa hiyo muuguzi wa zamu aulizwe mapema: waingie wangapi, waje na chakula gani, saa ngapi. Watu watano walionawa mikono watosha. Kwaya iimbe uani. Na picha je? Mtoto aliyenyonyoka nywele si tangazo la idara (Mathayo 6:1-4).

Liko jambo zito zaidi. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Wengine hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine huacha matibabu njiani. Uvimbe wa Burkitt, ambao mara nyingi huota kwenye taya, hukua upesi na pia husinyaa upesi mtoto anapoanza dawa. Mama aliyetoka Kigoma, aliyeacha shamba na watoto wengine nyumbani, anaona taya limenywea. Anamshukuru Mungu, anafunga mizigo. Tarehe ya kurudi inapofika, nauli hana, na mtoto anaonekana mzima. Ugonjwa nao unarudi.

Keki ya Sabato moja haiwezi kumzuia mama huyo asiondoke. Nauli yaweza, pamoja na chumba cha kulala kwa mshiriki anayeishi karibu na hospitali, na simu ya kumkumbusha kliniki. Dorkasi alikumbukwa kwa nguo alizowashonea wajane (Matendo 9:36-39), kazi ya siku nyingi.

Kwa mazungumzo: Sadaka ya safari yenu ya mwisho hospitalini ilinunua nini? Mzazi gani mliyekutana naye anatakiwa kurudi kliniki mwezi ujao, na nani darasani mwenu atampigia simu wiki hii?