Kufundisha Kitenzi "Piga" katika Madarasa ya Chini

Karatasi ya mtihani yasema: "Pigia mstari jibu lililo sahihi." Mtoto wa darasa la tatu anayelijua jibu barabara aweza kulikosa swali hilo, kwa kuwa aliyemfundisha neno "piga" alimwonyesha fimbo, akaishia hapo.

Watoto wengi wa Tarime na Serengeti huja shuleni wakisema Kikuria, Kingoreme, Kiikoma au Kinata. Lugha hizi ni za Kibantu kama Kiswahili, nazo hunyambua vitenzi. Kwa hiyo wazo la kumtendea mtu jambo si geni kwao. Kinachowatatiza ni jinsi "piga" inavyoungana na nomino.

Tazama tungo hizi: "Baba amepiga ng'ombe." "Dada amepiga pasi shati." "Watoto wamepiga kelele." "Babu amepiga magoti." Ng'ombe ndiye aliyepata pigo. Pasi haikupata pigo lolote. Ni chombo tu, na kilichotendwa ni shati. Kelele ni zao la kitendo chenyewe, na magoti ni ya babu mwenyewe. Maana basi aghalabu imo katika nomino. Kwa sababu hiyo, usiandike ubaoni "piga" peke yake na kuifuatishia orodha ya maana. Orodha ya namna hiyo, kama ilivyo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, yakufaa wewe unapoandaa somo.

Unapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, anza na vitendo vinavyotendeka darasani: kupiga makofi, kupiga magoti, kupiga hodi, kupiga mluzi. (Mluzi uweke mwisho, maana hautanyamaza upesi.) Mtoto mmoja atende, wenzake waseme anafanya nini. Kisha uwapeleke kwenye mifugo waijuayo. Andika "Ng'ombe amepigwa" na "Ng'ombe amepigwa chapa", uulize ni yupi anayetambulika kwa alama akipotea. Watoto wanaochunga hawatakawia kujibu.

Ugumu zaidi umo katika kauli ya kutendea. Twasema "Mjomba alinipiga picha", lakini "Mjomba alinipigia simu". Katika tungo ya kwanza mimi ndiye niliyepigwa picha. Katika ya pili simu ilielekezwa kwangu. Mtoto akisema "alinipiga simu", msikilizaji aweza kudhani amerushiwa simu kichwani. Darasa litacheka, nawe pengine utacheka pia, lakini kosa hilo usilipite: mwite mtoto mwingine, wawili hao waigize mazungumzo ya simu, kila mmoja aseme nani amempigia nani. Maelezo ya kisarufi yangoje madarasa ya juu.

Mwisho wa kipindi, andika amri tatu ubaoni bila kuzisoma kwa sauti: "Piga mstari katika daftari. Andika neno ng'ombe. Pigia mstari neno hilo." Pita kati ya madawati ukitazama. Mwenye mistari miwili, mmoja ukiwa chini ya neno, ameelewa. Mwenye mmoja tu umrudie kesho.